Nilitembea Kati Yao

Mume wangu alianguka ofisini siku ya mvua, akiinuka kitini kumpokea mgeni. Hakufika chini kabisa. Alishika ukingo wa meza, akateleza nao, na karatasi alizokuwa akizishughulikia zikamwagika juu yake. Wenzake walimpeleka hospitali kwa gari la ofisi, na tarishi mmoja akatumwa kuniita sokoni, kwenye baraza nililokodi kwa ajili ya cherehani yangu. Nilifika wodini futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni, na mkononi nimeshika kipande cha sare ya mtoto wa watu, sijui nilikibebea nini.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na Kakamega ilikuwa bado makao makuu ya mkoa. Mume wangu alikuwa karani wa cheo. Alikuwa na kiti cha kuzunguka chenye ngozi, na kitambi kilichoendana na kiti hicho. Siku hizo kitambi hakikuwa aibu. Mwanamume akiwa nacho, mkewe alisifiwa kwamba anajua kulisha, na mimi nilizipokea sifa hizo bila kuzikataa. Nilimpikia ugali mkubwa, obusuma wetu, na ingokho, kuku wa mchuzi mzito, nikamwekea chai sukari mpaka kijiko kikasita.

Daktari aliyempokea alikuwa mtu wa maneno machache. Alimpima presha, akapima damu, kisha akavuta kiti karibu na kitanda.

"Mzee, hebu nieleze siku yako inavyokwenda, tangu asubuhi."

Mume wangu akaeleza. Anaamka, anakaa mezani kunywa chai. Anapanda baiskeli ya boda boda, anakaa nyuma kwenye mto, anapelekwa ofisini. Anakaa ofisini. Saa ya chakula anakaa hotelini. Anarudi ofisini anakaa. Jioni boda boda tena, kisha kochi, taarifa ya habari, chakula, kitanda.

"Na Jumapili?"

"Jumapili naenda kanisani."

"Unakaa?"

"Ninakaa. Lakini tunasimama wakati wa kuimba."

Daktari hakucheka, ingawa mimi karibu nicheke. Alimwambia kwamba sukari yake imeanza kupanda ila haijawa ugonjwa kamili, na presha imeshakuwa ugonjwa. Akamwandikia dawa. Kisha akasema jambo ambalo sote wawili hatukuwa tumelisikia: kwamba kukaa kwenyewe, hata kama mtu hali kupita kiasi, kunamdhuru. Misuli ya miguu ikilala kutwa nzima, alisema, sukari inabaki kwenye damu, na moyo unazoea uvivu. Akamwambia atembee kila jioni. Lakini akaongeza kwamba matembezi ya jioni peke yake hayawezi kufuta kukaa kwa siku nzima, kwa hiyo kila akimaliza kazi moja na ainuke, azunguke kidogo, ndipo aanze nyingine.

"Usimwache kwenye kochi, Mama," akaniambia mimi wakati tunaondoka.

Nikaitikia. Hakuna aliyeniuliza mimi ninakaa kiasi gani. Nilikuwa nakaa kwenye cherehani tangu maduka yanapofunguliwa mpaka giza liingie, na msimu wa sare za shule nilikuwa nakula hapo hapo, sahani juu ya paja. Lakini mgonjwa alikuwa yeye.

Wiki za mwanzo alitii kwa manung'uniko. Ofisini aliacha kupiga kengele ya kumwita tarishi, akawa anayapeleka mafaili mwenyewe kutoka chumba hadi chumba. Wenzake wakamtania kwamba ameshushwa cheo. Maji ya kunywa aliyafuata kwenye bomba la uani badala ya kuletewa. Jioni alitoka peke yake, akafika kwenye kona ya mtaa wetu wa Amalemba, akarudi amekunja uso, akisema watu wanamwangalia kama aliyepotelewa na ng'ombe. Nilimwonea huruma. Sikujua kwamba hizo ndizo zingekuwa siku zangu za raha.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili ambayo mwenye nyumba alikuwa akiipangisha. Mwezi ule alihamia humo mwalimu wa kike aliyefundisha michezo na Kiswahili katika shule moja ya pale mjini. Hakuwa ameolewa. Alikuwa mrefu, mgongo umenyooka, na alivaa raba hata siku ambazo hakuwa na kipindi cha michezo. Kila jioni alikuwa akitoka kutembea, mkono mtupu, bila kikapu wala mtungi, kama mtu asiye na shughuli. Wanawake wa mtaa walilisema jambo hilo sana. Mwanamke anayetembea bila kubeba kitu huwa anaenda wapi?

Jioni moja mume wangu alirudi amechelewa, na nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa anacheka langoni. Cheko lenyewe sikulitambua. Lilikuwa la mtu mwepesi. Nilipochungulia niliona mwalimu akimpungia mkono na kukata kuelekea nyuma.

"Leo nimefika mbali," akaniambia, akivua viatu. "Huyu mwalimu ana mwendo. Ametembea nami mpaka karibu na wauza vyungu pale Ilesi."

"Mlikuwa mnacheka nini?"

"Aa, mambo ya shule tu. Ukisimuliwa hutacheka."

Hakunisimulia. Nililala nikiwaza ni kitu gani kinachochekesha barabarani ambacho kikifika nyumbani hakichekeshi tena.

Kuanzia hapo wakawa wawili. Mvua ya mchana ikikatika, yeye huyo, amevaa raba nyeupe alizojinunulia bila kuniuliza rangi. Mimi ndiye niliyeziosha Jumamosi, nikazipaka chaki, nikaziegemeza ukutani zikauke. Niliziosha vizuri. Sikutaka mwalimu aseme mkewe hajui kuosha viatu. Kisha nikaingia ndani nikakasirika kwa kuwa nimeziosha vizuri.

Na mwili wake ukaanza kupungua. Mtu mwingine angeliona jambo hilo kwa macho; mimi nililiona kwa futi. Aliniletea suruali moja ya kazini, akasema inamshuka. Nikampima kiuno, nikafumua, nikakata, nikashona. Haukupita muda akaleta nyingine, kisha ile ya kwanza ikarudi tena. Nilipokuwa nimepiga magoti mbele yake nikizungusha futi, niliona mshipi wa mafuta uliokuwa kiunoni mwake unayeyuka, na mabega yanajitokeza, yale mabega ya kijana niliyemfahamu kwenye harusi ya binamu yangu huko Shianda. Nilikuwa nimeyasahau. Yalikuwa yamerudi, na sikuwa mimi niliyeyarudisha. Nilichomeka pini nikawaza kwamba ninampunguzia suruali ili mwanamke mwingine aone vizuri.

Jirani yangu wa barazani, mama aliyeuza nyuzi na vifungo, hakunisaidia.

"Mzee wako amekuwa kijana," akaniambia siku moja bila kuinua macho. "Nawaonanga na yule mwalimu. Wanatembeanga kama watu wanaenda kushika gari."

"Ni daktari alisema atembee."

"Alisema atembee na mwalimu?"

Nikakanyaga cherehani kwa nguvu nisimsikie. Mguu ulikuwa umevimba kifundoni, kama ulivyokuwa ukivimba kila alasiri, nami nilikuwa nimezoea kuvua kiatu na kukanyaga peku.

Sikumwuliza mume wangu. Ningemwuliza nini? Aliondoka nikimwona na kurudi nikimwona. Walitembea kwenye barabara kuu, mchana kweupe, mbele ya wauza mahindi na waendesha boda boda. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kama wangekuwa wanajificha ningejua la kufanya. Presha yake ilikuwa imeshuka, daktari alimsifu, naye akaja nyumbani akazileta sifa hizo kama mtoto aliyeshika namba nzuri darasani. "Mwalimu alisema itashuka," akasema. Mimi niliyempunguzia chumvi na sukari sikutajwa.

Kisha mwalimu mwenyewe akaja barazani kwangu na kitambaa cha buluu. Alitaka sketi ya kuvaa kwenye mkutano wa wazazi. Alisimama wima nikampima, mikono ameiinua kidogo, na futi ikazunguka kiuno chake ikabaki na kipande kirefu cha kuning'inia. Niliinama kupima urefu, na nilipoinuka ilinibidi nishike meza.

"Mama, unapumua hivyo kila siku?" akauliza.

"Hivyo vipi?"

"Kama uliyepanda mlima."

"Nina kazi nyingi," nikamjibu. Nilitaka aondoke na kiuno chake.

Sketi ile niliishona nikiwa na hasira, na hasira ikaongoza mkasi. Nilibana upande wa magotini. Kwa nje ilikuwa nzuri mno, pindo limelala, zipu haionekani. Lakini mtu akiivaa angetembea kama kuku aliyefungwa miguu. Nikaipiga pasi, nikaikunja, nikamkabidhi. Moyo wangu ulitulia kwa siku nzima.

Kesho yake akarudi, sketi mkononi, akitabasamu.

"Mama, ni nzuri sana, ila siwezi kupiga hatua. Nipasulie nyuma kidogo."

Nilichukua mkasi nikaweka mpasuo, na yeye akaingia nyuma ya pazia akaivaa pale pale. Alipotoka na kutembea barazani, kila hatua mpasuo ulifunguka ukaonyesha shavu la mguu, gumu, la mtu anayetembea. Mama wa vifungo akaguna. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara akaacha kunyoa. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, ndiye niliyelifungulia dirisha.

Jioni ile nilifunga cherehani mapema kuliko siku zote. Mume wangu alinikuta mlangoni nimevaa leso na ndala.

"Unaenda wapi?"

"Kutembea."

"Na nani?"

"Na nyinyi."

Alinitazama miguuni, akatazama uso. "Na kazi za watu?"

"Zitangoja."

Mwalimu alipotokea hakushtuka. Alifurahi, au alijua kujifanya amefurahi, nami nilimtafutia kosa katika furaha hiyo sikuliona. Tukashika barabara ya kuelekea Khayega. Mwanzoni nilijitahidi. Niliwekwa upande wa majani, wao wakiwa upande wa lami, na wakaanza mazungumzo ambayo yalikuwa yameanza siku nyingine: habari za mwanafunzi fulani aliyeruka ukuta, habari za mkubwa fulani wa ofisini ambaye mume wangu alimwiga sauti. Alikuwa na sauti ya kuigiza. Miaka yote hiyo ya ndoa sikuwahi kumsikia akiiga mtu.

Hatukuwa tumefika mbali nilipoona wanakuwa wadogo mbele yangu. Ndala zilikuwa zinanivutia mchanga vidoleni. Moyo ulikuwa unagonga masikioni, si kifuani, na mbele ya macho kulikuwa na vitu vyeupe vinavyoelea. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara, miguu mtaroni. Niliona migongo yao miwili inakwenda sawasawa, mkono wa huyu na mkono wa yule ikipishana. Nikasema moyoni, hata nikifa hapa wataambiwa na mwendesha baiskeli.

Aliyegeuka kwanza ni mwalimu. Alirudi mbio. Mume wangu alifuata, naye alipofika alikuwa hata hajahema.

"Uliambiwa usije," akasema, lakini sauti ilikuwa imeingiwa na woga.

"Hakuna aliyeniambia nisije."

Mwalimu alichuchumaa akanishika kifundo cha mguu, akakibonyeza kwa kidole. Shimo likabaki. Akalitazama mpaka likajaa.

"Mama, umewahi kupimwa presha?"

"Mgonjwa wa nyumba yetu ni huyu," nikasema, nikamwonyesha mume wangu kwa kidevu.

Akaniambia, kwa sauti ya chini ambayo mume wangu hakuisikia, kwamba mamake alikuwa fundi wa kushona vitambaa, akikaa kwenye mkeka kutwa, na sukari ilimkata mguu kabla haijamwua. Alisema ndiyo sababu hawezi kukaa jioni. Akikaa tu, anamwona. Nilikuwa nimemchukia vizuri, na sasa alikuwa amenipa kitu cha kuharibu chuki hiyo. Nilimwonea wivu hata kwa hilo: kwamba yeye alikuwa na sababu nzito ya kutembea, na mimi sababu yangu ilikuwa kumlinda mwanamume.

Nilikwenda hospitali. Daktari yule yule akafunga mashine mkononi mwangu, akaifunga tena kuhakikisha, kisha akaniambia kwamba presha yangu ni kubwa kuliko ile ambayo mume wangu alikuja nayo. Nikamweleza kwamba mimi si mtu wa kukaa bure. Kutwa nzima miguu yangu inakanyaga.

"Nyayo ndizo zinazofanya kazi," akasema. "Mwili wote umelala. Nilipokuambia usimwache kwenye kochi, nilipaswa kukuuliza na wewe kiti chako."

Nitasema ukweli, niliposikia mimi ni mgonjwa kumzidi yeye, kitu fulani ndani yangu kilifurahi. Sasa na mimi ningeulizwa umelalaje. Mume wangu aliuliza kweli, siku chache. Kisha akazoea.

Baraza langu nililibadilisha kwa akili yangu. Meza ya kukatia niliiinua juu ya matofali nikawa nakata nimesimama. Pasi ya makaa niliiweka pembe ya mbali, na nyuzi nikazitundika ukuta wa pili, ili kila nikihitaji rangi ninyanyuke. Sikushona mfululizo tena. Nikimaliza kola nilisimama, nikafagia vipande, nikatoka nje nikaangalia mbingu. Mama wa vifungo alisema ninatangatanga kama mtu mwenye deni la kanisa. Lakini vifundo vya miguu vilianza kurudi katika hali yake, na alasiri nikawa naweza kukivaa kiatu.

Na jioni nilitembea. Nilinunua raba, nyeusi. Nikaamua pia mahali pangu: si upande wa majani wala upande wa lami, bali katikati. Mume wangu mkono wa kulia, mwalimu wa kushoto. Wakitaka kuzungumza, maneno yapite juu yangu. Mwendo ukawa wa kwangu kwa miezi mingi, kwa sababu mwalimu alisema, "Twende kwa mwendo wa Mama," na kusubiriwa huko kulinichoma kuliko kuachwa. Ndiyo maana niliharakisha. Wengine hutembea kwa kumwogopa daktari. Mimi sikukosa hata jioni moja, mvua au vumbi, homa au msiba wa mbali, kwa kuwa sikuwa tayari waende wawili. Tulipita wauza vyungu, tukapita mawe makubwa, mpaka siku moja tukajikuta Khayega kwenyewe tunakunywa chai isiyo na sukari kibandani, na muuza chai akatuuliza tumetoka kuzika wapi.

Presha ikashuka. Daktari alinisifu, akauliza nimefanyaje, maana wengi humwitikia tu na kurudi kukaa. Nikamwambia ni Mungu. Ningemwambiaje kwamba ni wivu?

Katika kutembea huko nilimfahamu mwalimu. Alijua kusikiliza. Alikuwa na njia ya kuuliza swali moja kisha kunyamaza, na mtu anajikuta anasema. Mume wangu aliposema naye alikuwa mtu mwingine, mwenye mizaha na mwenye kumbukumbu, na mimi niliyekuwa katikati nilipata mabaki ya mtu huyo bure. Siku nyingine nilicheka. Siku nyingine nilicheka na papo hapo nikaona mume wangu alivyogeuka kumtazama mwalimu kwanza, kuhakikisha amecheka, ndipo akanitazama mimi. Vitu kama hivyo havina jina. Huwezi kumshtaki mtu kwa kuwa alimtazama wa mbali kabla ya wa karibu.

Mwisho wa mwaka mmoja mwalimu akapata uhamisho kwenda Busia. Alitueleza njiani, tukiwa tunarudi, kwa sauti ya kawaida. Mume wangu alisema, "Vizuri, ni karibu na kwenu," akaendelea kutembea. Nilisikia hatua zake zimebadilika. Usiniulize nilijuaje, nilikuwa nimeziosha raba zake muda mrefu.

Nilimshonea mwalimu gauni la kuagia. Safari hii nilikata vizuri, nikaacha nafasi ya hatua. Alilia kidogo akinikumbatia, akaniita dada. Alimpa mume wangu mkono, kama wapeanavyo watu wa ofisi, na lori lililobeba kitanda chake likaondoka.

Nilikuwa nimedhani siku hiyo nitapumua. Badala yake nilipata mume aliyerudi kwenye kochi. Alitoka ofisini akaja moja kwa moja, akavua viatu, akawasha redio. Jioni ya kwanza nilinyamaza. Ya pili nikatoka peke yangu nione kama atanifuata. Hakunifuata. Barabara ilikuwa ile ile, lakini bila yule wa kumchunga, miguu yangu ilikuwa mizito. Niligundua kwamba kwa muda wote ule nilikuwa nimetembea nimesukumwa, na sasa hakuna aliyesukuma. Nilifika kwenye wauza vyungu nikarudi. Na nitasema tu, nilimkosa. Nilitaka kumweleza mtu jinsi mume wangu alivyokaa, na mtu pekee ambaye angeelewa alikuwa Busia.

Suruali zikaanza kumbana tena. Akaniletea moja nimfungulie kiuno. Niliishika, nikaiweka juu ya meza ya chakula, nikaenda nikazima redio.

"Simama," nikamwambia.

"Leo nimechoka, Mama."

"Umechoka, au umekosa mtu?"

Nje wasichana wa jirani walikuwa wanateka maji, ndoo zinagongana.

"Ni mwendo tu niliouzoea," akasema mwishowe.

"Mimi pia nina mwendo. Mwendo wangu umekuwaje?"

"Wako una haraka."

"Niliipata wapi haraka hiyo?"

Nadhani hapo ndipo alipojua, kama hakuwa amejua zamani. Alitazama mikono yake. Kisha akainuka, kwa kushika mkono wa kochi kwanza, kama alivyokuwa akiinuka kabla hajaanguka, na jambo hilo lilinitia hofu kuliko mambo yote ya mwalimu. Nikamletea viatu. Sikumfunga kamba, nilimwachia ainame mwenyewe.

Tulitoka tukashika njia. Kwa siku nyingi hatukuwa na la kusema, na ukimya wetu ulionekana, kwa sababu barabara yenyewe ilikuwa imezoea kutusikia. Nilijaribu kuuliza swali moja kisha kunyamaza, kama alivyokuwa akifanya mwalimu. Siku za mwanzo alinijibu kwa neno moja. Halafu jioni moja, bila kutazamia, akamwiga yule mkubwa wa ofisini, sauti yote, na mwendo wake wa kuvuta mguu. Nilicheka mpaka nikashika mti. Lakini hata nikicheka nilikuwa najiuliza kama hilo ni jipya au lilishachekwa na mwingine.

Muda ulipita, daktari yule akahamishwa, akaja mwingine, naye akatuona tu watu wawili wa makamo wenye presha ya kuridhisha. Mwalimu aliolewa huko Busia. Tulipata habari kwa mwenye nyumba. Nilimtazama mume wangu alipoambiwa. Alisema, "Mungu ambariki," akaomba maji ya kunywa, kisha akakumbuka akaenda kuyachukua mwenyewe.

Nilimwuliza mara moja tu, nasi tumesimama tunapumzika kwenye mawe, jua likiwa bado liko juu.

"Kama nisingekuja siku ile na ndala zangu, mngefika wapi nyinyi wawili?"

Aliokota kijiwe, akakitupa mtaroni. Alifikiri kweli, sikumwona akitafuta uongo.

"Sijui," akasema. "Usiniulize tena."

Sikumwuliza tena. Tulishuka kwenye mawe tukarudi barabarani, yeye upande wa lami, mimi upande wa majani, na kati yetu palikuwa na nafasi ya mtu mmoja ambayo hakuna aliyekuwa wa kwanza kuiziba.